Mluzi wa Kurudisha Ng'ombe

Kwa miaka ishirini na miwili Mzee Matonya aliwapigia sungura wa maabara mluzi, na wakubwa wakamwacha, maana waliiona faida yake. Maji ya dripu yalijaribiwa kwanza kwa sungura: anachomwa maji hayo kwenye mshipa wa sikio, kisha anapimwa joto. Likipanda, maji yana uchafu, hayamfikii mgonjwa. Lakini sungura mwenye hofu joto humpanda bure na kuvuruga kipimo. Mbele ya Matonya hawakuogopa, na kipimo kikiisha aliwarudisha vizimbani mwao.

Mluzi huo aliurithi kwa baba yake, huko Chamwino, na kazi yake ilikuwa moja tu, kurudisha ng'ombe jioni. Jioni zile hazikumtoka moyoni: vumbi likitangulia mifugo, mama akiwa mlangoni na kibuyu chake. Baba alimkanya mapema asiupige kama hana nia ya kuwapeleka nyumbani, kwani mnyama hadanganywi.

Mwaka huu maabara ikapata kipimo cha kwenye chupa, kisichohitaji sungura. Matonya alifurahi, mpaka alipomkumbuka Shungi, jike mzee, wa mwisho aliyebaki. Akaomba aende naye kwake Ipagala. Anitha, mtaalamu kijana, alimwombea kwa wakubwa, akarudi ameinamisha macho. Sheria ilikuwa kwamba mnyama aliyejaribiwa hatoki humo akiwa hai.

"Nitamchoma ya usingizi, babu, hatasikia maumivu," alisema. "Ila anatetemeka mno. Nisaidie."

Matonya alielewa anaombwa nini, na roho ikamuuma. Akamkumbuka Anyesi, bintiye, siku aliyojifungua akaishiwa damu, na dripu zilizomshikilia hadi asubuhi. Zilikuwa zimepita kwa sungura kama huyu. Hata hivyo, kumwacha Shungi afe akitetemeka hakuweza.

Akapiga mluzi. Shungi akatulia, akajisogeza mwenyewe hadi kiganjani mwake, akalaza masikio. Anitha akafanya kazi yake haraka, kisha akatoka bila kuaga.

Jioni ile mbuzi wa Matonya, waliozoea kuitwa kwa mluzi uleule, walikuwa bado korongoni, nyuma ya nyumba. Alisimama uani akakunja midomo, pumzi ikagoma. Akaingia jikoni, akachukua sufuria na mwiko, akaanza kugonga.

Mbuzi waliinua vichwa, wakamtazama, wakaendelea kula. Ikambidi ateremke korongoni kuwafuata, mmoja mmoja.