Mwavuli wa Kukhu Siku ya Jamhuri

Desemba ile nyumbu walikuwa wakipita nyuma ya nyumba yetu. Ilikuwa Kitengela ya mwaka wa tisini na sita, kabla ya kuta na mageti kuota kila mahali. Asubuhi ukifungua dirisha la jikoni uliona migongo yao ikielea kwenye ukungu, mingi isiyohesabika, ikienda bila haraka. Ng'ambo ya mbuga Nairobi nayo ilielea. Majengo yake marefu yalionekana madogo, yamekaa juu ya nyasi, na jua likizidi yalififia hadi yakapotea. Nilikuwa na miaka kumi na niliamini kabisa kwamba mji ule huletwa asubuhi na kuondolewa mchana.

Katika siku hizo za ukungu ndipo Kukhu alipofika kutoka Bumala, na mwavuli wake mweusi mkononi. Kukhu ni nyanya, kwa lugha yetu. Alikuwa mama yake mama. Alikuwa hajawahi kufika Nairobi maishani mwake. Alisema amekuja kuona ndege za Jamhuri, zile za kivita zinazopita juu ya mji zikinguruma kila tarehe kumi na mbili ya Desemba, na kwamba akishaziona atarudi kwake kupalilia maharagwe.

Ila kulikuwa na shida moja, nayo ilikuwa baba.

Kwetu mkwe na mama mkwe hawaonani. Simaanishi kwamba hawapendani. Hawasalimiani kwa mkono, hawali meza moja, hawatazamani usoni, na mama mkwe halali chini ya paa la mume wa binti yake. Familia nyingi siku hizo zilikuwa zimeanza kulegeza mambo hayo, hasa za mjini, lakini Kukhu hakuwa mtu wa kulegeza. Hata picha zetu tulizomtumia, alizishika huku kidole gumba kikiwa juu ya uso wa baba. Nilizitazama kwake Bumala likizo moja nikakuta mahali pa uso wake pamechakaa, pamebaki weupe.

Kwa hiyo alilala kwa jirani yetu Metito, Mmasai mwenye pikapu ya kubebea mbuzi kutoka Kajiado. Metito hakuuliza maswali. Alisema hata kwao ni hivyo hivyo, kwamba mama mkwe akitokea huku wewe unatokea kule, na akamwambia mkewe, Mama Nick, atandike kitanda cha wageni.

Mchana Kukhu alivuka kuja kwetu, akakaa chini ya mti wa pilipili uani. Baba akirudi kutoka kiwandani Athi River, vumbi la saruji kwenye nyusi, Kukhu alifungua mwavuli na kuuinamisha upande wake. Baba akienda kwa tangi, mwavuli uligeuka kwa tangi. Akienda kwa kuku, mwavuli ulimfuata kwa kuku. Wapita njia walidhani mama mzee anakimbia jua. Na mwavuli wenyewe ni baba aliyemnunulia, pamoja na blanketi, wakati wa kupeleka mahari. Mtu alijinunulia ukuta wake mwenyewe. Niliona ni upuuzi mtupu, na sikuficha.

Kazi yangu ilikuwa kusimama katikati.

"Sheryl, uliza mgeni kama ameamka vizuri," baba alisema kutoka nyuma ya tangi.

"Kukhu, baba anauliza kama umeamka vizuri."

"Mwambie nimeamka. Na yeye, kazi iko namna gani?"

"Baba, Kukhu anauliza kazi."

Walisikiana vizuri kabisa, maana hata hatua ishirini hazikuwa kati yao. Lakini neno lilikuwa halijafika mpaka nilifikishe mimi. Kaka yangu Lennox, aliyekuwa kidato cha pili na kujiona mtu wa mjini, alinibandika jina la Redio.

Siku moja kabla ya Jamhuri nilimpelekea Kukhu maziwa kwa kina Metito. Ilikuwa alasiri, joto limetulia kwenye mabati, na huko nje kengele za mbuzi zililia kidogo kisha zikanyamaza. Kukhu aliniketisha kwenye kigoda, akanishika kidevu, akageuza kichwa chake upande mmoja ili anione. Wakati huo ndipo nilipogundua kwamba ananitazama kwa jicho moja tu.

"Daktari wa misheni amesema ni presha ya macho," alisema. "Hii ya kushoto imeshaenda. Hii ingine inafuata. Jamhuri ingine haitanipata nayo."

Nje mbuzi mmoja alikohoa kama mtu.

"Sheryl, baba yako ako na uso wa namna gani?"

"Ni uso tu, Kukhu. Ako na ndevu."

"Ndevu hata mbuzi ya Metito iko nayo. Mimi nauliza uso."

Nilijaribu. Nilisema ni mweusi, pua ni ya kawaida, akicheka meno ya juu yanaonekana. Nilishangaa kuona jinsi nilivyokuwa sijui kumweleza mtu niliyemwona kila siku. Kukhu alisikiliza akitikisa kichwa, na niliona kwamba hapati kitu.

"Amenikalia na binti yangu miaka hii yote bila kumpiga hata kofi," alisema. "Wakati niliugua, yeye ndiye alituma gari inichukue mpaka hospitali. Nikikutana na yeye sokoni leo, nitampita tu. Nitaingia giza na simjui."

"Si umwangalie tu. Macho hayana pazia."

Kukhu alicheka, akanipiga kofi dogo la paja.

"Ya mama mkwe iko nayo. Mama yangu alinifunza: ukimtazama mkwe usoni, umemvunjia heshima mbele ya watoto wake. Nimeshika hiyo mpaka nimezeeka, nitaiachilia nikiwa mlangoni?"

Kisha akanywa maziwa yake, akasema ng'ombe wa Metito wanakula nyasi nzuri.

Jioni nilimkuta baba kwenye tangi ananawa miguu. Nikamwambia yote, jicho la kushoto, jicho la kulia, sokoni, giza.

Baba aliacha maji yakimwagika. "Amesema uniambie?"

"Hakusema niseme. Hakusema nisiseme."

Alifunga mfereji polepole. Hakunituma na jibu. Alikaa kwenye jiwe la kufulia, miguu ina povu, akiangalia upande wa mbuga ambako taa za Nairobi zilikuwa zinaanza kuwaka moja moja. Leo nikikumbuka, naona Kukhu alijua vizuri kwamba anaongea na Redio.

Asubuhi ya Jamhuri baba alinyoa ndevu zote. Alinyoa mara mbili, akapaka mafuta, akavaa koti lake la harusi na tai, katika joto lile. Mama alisimama mlangoni na chapati zimefungwa kwenye taulo.

"Baba Lennox, unaenda kuapishwa?"

"Ni Jamhuri," baba alisema.

Mama alimtazama kidevu kile kitupu, akataka kuendelea kumtania, kisha akaacha. Nadhani alielewa wakati ule.

Metito alikuja na pikapu yake aliyoiosha mpaka ikang'aa, ingawa harufu ya mbuzi ilikuwa haijaoga. "Kokoo, takwenya," alimsalimu Kukhu. "Iko," Kukhu alijibu kwa fahari, maana alikuwa ameshajifunza salamu za Kimasai. Akapanda mbele na mama. Baba, Lennox na mimi tukakaa nyuma, baba akiupa mgongo upande wa mbele, akitazama Kitengela ikirudi nyuma. Nyumbu walikuwa wamesimama kando ya barabara. Mmoja alitukazia macho mpaka tulipopita, na nilimpungia mkono kana kwamba ni jamaa yetu anayebaki nyumbani.

Nairobi haikuondolewa. Kadiri tulivyosogea ndivyo ilivyozidi kukua, hadi yale majengo niliyozoea kuyafunika kwa kiganja yakanifunika mimi. Siku hiyo barabara zilikuwa na bendera kila mlingoti, na watu walitembea katikati ya lami polepole, wamevaa nguo za kanisani, wote wakielekea upande mmoja. Sauti zao zilinifikia kwa mbali, kama mtu anayesikia akiwa usingizini. Metito alituacha Uhuru Park akaenda kutafuta mahali pa kuegesha.

Tuliketi kwenye mteremko wa nyasi juu ya bwawa. Chini mashua ndogo zilizunguka zikigongana, watoto wakicheka ndani yake. Mama alitandika leso, yeye na Kukhu wakaketi. Baba aliketi mbali kidogo, ng'ambo ya mwavuli. Tulikula chapati na nyama ya mbuzi: sahani moja huku, nyingine kule, mimi katikati nikipeleka chumvi.

"Kukhu, leo utaona ma-jet zikipita kwa kasi mbaya," Lennox alisema.

"Nitaona," Kukhu alisema. Lakini jicho lake zima lilikuwa kwenye kitambaa cheusi cha mwavuli, kilichokuwa karibu na pua yake.

Saa ilipokaribia watu walianza kusimama. Redio ya mtu ilikuwa inaimba wimbo wa taifa kutoka uwanjani. Tulisimama pia. Nyuma yetu kulikuwa na kijana mwenye kofia ya bendera.

"Mathe, si ushukishe hiyo mwavuli. Sasa sisi tutaona nini?"

Kukhu alishtuka. Alinitazama mimi, na mimi nikamtazama baba.

Baba alikuwa amemsikia yule kijana. Alipiga hatua moja, akatoka kwenye kivuli akaingia kwenye jua, akageuka akaelekea upande wetu. Akarudisha mikono nyuma kama mtoto anayepigwa picha ya shule. Kisha akainua uso akaangalia juu. Ndege zilikuwa hazijaonekana. Hata mlio ulikuwa haujasikika. Mbingu ilikuwa tupu kabisa, na baba alikuwa ameikazia macho.

Hapo Kukhu alifunga mwavuli.

Mlio ukaja, kwanza chini ya miguu, halafu kifuani. Watu wote wa mteremko ule waliinua nyuso kwa pamoja, wazee, watoto, wauza aiskrimu, wapiga picha na kamera zao. Wenye mashua waliacha kupiga makasia. Mama aliinua uso. Lennox alipiga mluzi. Mpaka leo mimi sijaona ndege za Jamhuri, maana nilikuwa namwangalia Kukhu, na Kukhu hakuangalia juu.

Aligeuza kichwa upande, kama kuku anavyoitazama punje, ili jicho la kulia likae sawa. Akaanza kwenye paji la uso. Akateremka kwenye nyusi, taratibu, akafika puani, akakaa hapo. Akafika kwenye kidevu kilichonyolewa, ambapo palikuwa na kovu dogo ambalo mimi sikuwahi kuliona kwa sababu ya ndevu. Midomo yake ilikuwa inasogea. Alikuwa kama mtu anayejifunza sala kwa moyo. Ndege zilipita, zikazunguka mjini, zikarudi tena, watu wakapiga makofi, na yeye akarudi juu kwenye paji akaanza upya.

Halafu mlio ukapungua, ukaenda upande wa Ngong, ukaisha. Watu walianza kuketi na kupangusa nyasi. Baba alibaki amesimama peke yake, uso juu.

"Mzee," Lennox alisema, "zimeenda."

Mama alimvuta shati. "Nyamaza wewe. Mwache."

Jua lilikuwa limemjaa baba usoni. Machozi yalimtoka kwenye pembe za macho yakamwendea masikioni, naye hakuyapangusa, hakupepesa. Shingo ilianza kumtetemeka. Nilitaka kumwambia aache, ataumia, lakini hakuna aliyekuwa amenituma. Nilisimama tu pale katikati, na nilimpenda siku ile kuliko siku nyingine yoyote.

Ndipo mwavuli ukalia, tak, ukafunguka. Baba aliusikia. Alishusha uso, akatoa kitambaa akajifuta, akaketi.

Kutoka nyuma ya mwavuli Kukhu aliniita. Sauti yake ilikuwa ya chini.

"Sheryl. Mwambie baba yako ndege nimeziona. Ni nzuri. Mwambie asante."

Nilivuka, nikapiga magoti kwenye nyasi, nikarudia lile neno lote kama lilivyokuwa. Baba alilisikiliza kana kwamba hajalisikia, kisha akanishika kichwa.

"Mwambie nimefurahi amekuja," alisema.

Jicho la kulia lililifuata la kushoto kabla ya mvua ndefu. Tuliendelea kwenda Bumala kila Desemba, na mwaka wa elfu mbili na moja ndio wa mwisho kumkuta. Alikuwa amekaa barazani, mdogo kuliko nilivyomwacha, akichambua maharagwe kwa vidole. Tulipofika lango baba aliwasalimu watu wa boma kwa sauti. Kukhu aliweka ungo chini, akapapasa ukutani, akaupata mwavuli wake uliobaki vijiti na viraka. Akaufungua, akauinamisha upande wa sauti.

Lennox, mtu mzima sasa lakini bado na mdomo, alicheka.

"Kukhu, si huoni siku hizi. Mwavuli ni ya nini?"

"Nani amekuambia simuoni?" Kukhu alisema.