Damu Iliyoshuka

Nimeosha wanawake mia na kitu hapa Likoni, na hujawahi kusikia yupi alikuwa na kovu wapi, wala yupi alikuwa na mimba asiyoijua mumewe. Mama mkwe wangu, aliyenifunza kazi hii, aliniapisha kwa msahafu kabla sijashika hata kata ya maji. Ukiona baya la maiti, hukuona. Ukiona jema, uso umekunjuka, mtu kama amelala, hilo ndilo uende ukamwambie mama yake. Huu ni mwaka wa kumi na nne nakishika kiapo hicho. Nilikivunja mara moja, na mara hiyo moja iliua mtu.

Mtu mwenyewe alikuwa Kombe, fundi wa baiskeli. Nilikuwa na mwaka wa pili tu kazini, mama mkwe ameshatangulia, sina wa kumwuliza. Mkewe Kombe alilala jioni hakuamka, nikaitwa asubuhi. Tulipomgeuza, mgongo wote ulikuwa na rangi ya zambarau iliyoiva, kutoka mabegani mpaka kiunoni. Mimi ni mtu wa hasira, na anayenijua anajua. Niliona ni dhambi kumfunika mwanamke yule kwa sanda na kumfichia siri muuaji wake. Nikamwita kaka wa marehemu pembeni, nikamwambia maneno matano: "Dada yako alipigwa. Nimeona mwenyewe." Jioni ile ile kaka na wenzake walimfuata Kombe nyumbani kwake kwa marungu. Alikaa hospitali siku tatu, akafa hajui kosa lake.

Baadaye nilimsimulia jirani yangu Rispa, muuguzi, mtu wa bara aliyehamia mtaani kwetu na mumewe wa bandarini. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Ilikuwa mgongo peke yake?" aliuliza. "Mbele hakukuwa na kitu?"

"Mgongo tu."

"Mama, hiyo haikuwa kipigo. Mtu akikufa, moyo unasimama, damu inashuka upande ule amelalia. Nyinyi mnazika haraka, ndiyo maana hujaiona vizuri. Huyo alikaa usiku mzima."

Sikula siku mbili. Tangu hapo nikienda darsani, na mwalimu akitwambia kwamba kila tendo hupimwa kwa nia, mimi huinamisha kichwa nikauma ulimi. Nia yangu ilikuwa safi. Nilitaka haki ya mwanamke mwenzangu, sikutaka lingine. Kombe yuko kaburini na nia yangu safi haijamfaa kitu. Nikajiapia upya, mara hii bila msahafu, kwamba mdomo huu hautasema tena la chumbani.

Ndipo akafa Salha.

Alikuwa binti wa Mzee Faki, mwanamke wa miaka ishirini na tatu mwenye mtoto mmoja wa kunyonya. Alikuwa na kifafa tangu utotoni, na mtaa mzima ulijua. Mumewe, Mansur, ana duka la saruji na mabati, kijana mpole, msikitini hakosi safu ya mbele. Alisema ameamka alfajiri akamkuta mkewe sakafuni. Mzee wa mtaa akaandika kifafa, karatasi ikatoka, mazishi yakapangwa baada ya swala ya adhuhuri. Hakuna aliyeshangaa. Tulikuwa tukiisubiri siku hiyo tangu Salha akiwa na miaka saba.

Nilifika saa nne. Mfuo ulikuwa umeshachimbwa chumbani, ule mtaro wa kupokelea maji ya maiti, na kitanda kimewekwa juu yake. Aliyeingia nami kunimiminia maji ni mama yake mwenyewe, Mama Salha. Nilimkataza, akanambia, "Nilimwosha wa kwanza, nitamwosha wa mwisho." Nikampa kata.

Tulianza upande wa kulia, kama ipasavyo, maji ya majani ya mkunazi, taratibu, shuka haiondoki mwilini. Nilipomwinua kidevu nimwoshe shingo, nikaziona. Alama nne upande mmoja, moja upande wa pili, kila moja upana wa kidole. Zilikuwa mbele, chini kidogo ya taya. Salha alikuwa amelazwa chali, na damu ya maiti hushuka, haipandi. Nilijua pale pale ninachokitazama.

Kata ya maji ilisimama. Mama Salha alikuwa ameziona vile vile.

"Bi Tatu," alisema, "hii ni nini?"

Nje nilimsikia Mansur akilia, na wallahi kilio kile kilikuwa cha kweli. Niliwasikia na wanaume wakizungumza juu ya jeneza. Nikawaona, kama wako mbele yangu, wakiondoka na marungu kwenda kwa Kombe.

"Ni damu iliyoshuka, dada yangu," nikamwambia. "Mtu akifa damu hushuka. Usijitie hofu."

"Si kipigo?"

"Si kipigo."

Alishusha pumzi ndefu. Akamwinamia mwanawe akambusu kipaji, kisha akaendelea kunimiminia maji. Nilimaliza maji ya kafuri, nikamsuka nywele mafungu matatu, nikamvika sanda, nikahakikisha shingo imefunikwa vizuri. Kabla ya alasiri alikuwa mchangani.

Usiku na mchana nilijipa sababu. Kwamba nimeapa. Kwamba mwenye kifafa huweza kujikaba mwenyewe. Kwamba nilishasema mara moja nikaua, na mwenye akili haui mara mbili kwa mdomo ule ule. Sababu zote zilikuwa nzuri, na mtu angenihoji angeshindwa. Lakini najua nilichokuwa nacho mle chumbani. Ilikuwa woga, na huo woga niliuvika kanzu ya kiapo ili upite mbele za watu.

Ilipita miezi mitano. Mama Salha akaja kwangu asubuhi moja na sahani ya mahamri, rangi imemrudia usoni. Tukaulizana hali, nikamtilia chai.

"Nimekuja na habari njema," alisema. "Mansur amemposa Riziki."

Riziki ndiye mdogo wake Salha, wa miaka kumi na tisa, na hakuna binti mwingine nyumba ile.

"Yule mtoto asije akalelewa na mwanamke wa nje," aliendelea. "Khala, mama mdogo, ni mama. Mzee ameridhia. Ijumaa ya pili, inshallah, twafunga nikaha."

Niliweka birika chini. Nikamwambia. Nilimwambia yote bila kuzunguka: alama nne na moja, mbele ya shingo, na kwamba damu haishuki kwenda mbele kwa mtu aliyelala chali, na kwamba siku ile nilijua na nikasema uongo.

Hakulia. Alifunika sahani ya mahamri kwa kitambaa, kama anataka kuondoka nayo.

"Uliniambia si kipigo. Miezi mitano nalala kwa neno lako hilo, Bi Tatu."

"Nilisema uongo. Nisamehe."

"Na ya Kombe mtaa mzima wayajua. Yale ulisema kweli?"

Nikasogeza birika pembeni.

"Siku ile ya Kombe ulikuwa na hakika?"

"Nilikuwa nayo."

"Hakika kama hii ya leo?"

Ningependa niseme ilikuwa tofauti. Lakini aliuliza swali la haki, na jibu lake ni kwamba hakika ile na hii zilikuwa sawasawa kifuani mwangu. Nikamweleza mambo ya mgongo na ya mbele, nikamtaja Rispa, nikajikuta nasema sana, na kadiri nilivyosema ndivyo alivyozidi kujifunga mtandio.

"Wewe ulimuua mtu wa watu kwa macho yako hayo," alisema mlangoni. "Sasa wataka na Mansur. Riziki usimwambie, usimtie mwanangu sumu. Na mimi nikifa, atafutwe mwengine wa kuniosha."

Sijawahi kuambiwa neno zito kuliko hilo. Lilinikaa, na nikalitumia kama sababu nyingine tena. Nilijiambia nimeshamfikishia mzazi, mzazi ndiye mwenye binti, wajibu wangu umekwisha. Nilimwona Riziki mara mbili kabla ya Ijumaa ile, mara moja sokoni, yuko peke yake akichagua viazi. Nikamsalimu nikapita. Nikaha ikafungwa. Sikualikwa.

Alikuja mwenyewe, mwezi wa tatu wa ndoa, baada ya adhuhuri. Jua lilikuwa la kuchoma bati, na yeye mtandio ameuvuta mpaka kidevuni na kuubana kwa pini.

"Shikamoo, Bi Tatu."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Alikaa kwenye ukingo wa mkeka. Hakutaka maji.

"Dada ulimwosha wewe."

"Nilimwosha mimi."

"Nimekuja na ombi. Siku yangu ikifika, nataka unioshe wewe, si mwengine."

"Riziki, una miaka kumi na tisa. Maneno gani hayo?"

Alitoa pini. Akaushusha mtandio polepole, akainua kidevu kama yule dada yake nilivyomwinua kwa mkono wangu. Nne na moja. Zilikuwa mbichi, za jana au juzi.

"Nilimwonyesha mama," alisema. "Akanambia ni mtandio umenibana."

Hapo ndipo nilipoumia kuliko pote. Mwanamke yule hakuwa mwongo maishani mwake. Uongo wa kufunika shingo alijifunza kwangu, chumbani, juu ya mfuo, na sasa alikuwa akiutumia kwa binti yake wa pili.

"Ukiniosha," Riziki alisema, "usiwaambie damu imeshuka. Waambie ulichokiona. Hilo tu."

"Sikuoshi," nikamwambia. Niliinuka nikatafuta viatu. "Twende sasa hivi kwa Rispa, yuko zamu. Atakupima aandike. Shingo ya dada yako haikupata wa kuandika, hii yako bado yasema."

Alitikisa kichwa. Mtoto yuko nyumbani na Mansur. Aliaga anakwenda kununua tui, na tui halichukui saa nzima. Akitoka na mtoto ataulizwa anakwenda naye wapi, na akimwacha hajui atamkuta vipi. Alinieleza haya kwa utulivu, kama mtu aliyeyapiga hesabu mara nyingi. Nilimshika mkono. Aliutoa mkononi mwangu kwa adabu, akabana pini yake, akaniaga vizuri kama alivyofunzwa na mama yake, akaenda.

Sikukaa kufikiri. Kufikiri kwangu ndiko kulikompeleka Riziki kwa Mansur. Sikujua kama nina haki ya kumsemea mtu aliyeniomba nisubiri afe, na sikujua Mansur atamfanyia nini akisikia. Huenda nikamwokoa, huenda nikaharakisha. Nilivaa buibui nikaenda kituo cha polisi kwa miguu, jasho lanitiririka mgongoni.

Askari wa zamu alikuwa kijana wa bara, mbele yake kitabu cha matukio kimefunguliwa. Nilimwambia aandike tangu mwanzo, na nikaanza na Kombe, na nikaanza na kosa langu mwenyewe, kwa sababu wangelitaja tu, na afadhali litoke mdomoni mwangu. Kisha nikasema ya Salha. Kisha ya Riziki, nyumba ipi, njia ipi, rangi ya geti. Aliandika polepole, akifuta na kurudia.

"Huyu wa mwisho," aliuliza bila kuinua macho, "wewe ni nani wake?"

"Si ndugu yangu. Mimi ni muosha maiti."

Akaitikia kwa kichwa, akageuza ukurasa, akaweka kalamu kwenye mstari mpya.

"Sawa, mama. Na yeye amekufa lini?"

"Bado," nikamwambia.