Mstari wa Njano wa Dut

Yar alifia kwenye kona ya soko la Kakuma, akiwa amebebwa na mumewe Dut kwa pikipiki. Lori lilikuwa limeegeshwa pale. Dut alipolizunguka, wakagongana uso kwa uso na pikapu. Mstari wa njano unaokataza kuegesha ulikuwa umefutika zamani.

Baada ya matanga Dut alinunua rangi, akapiga magoti kwenye lami ya moto, akauchora upya. Kabla haujakauka, lori la saruji likasimama juu ya mstari huo.

"Ndugu, toa gari. Mke wangu alifia hapa."

"Pole sana," dereva alijibu kwa huruma ya kweli. "Lakini mzigo nishushie wapi?"

Dut alipanda pikipiki, akalizunguka lori bila kuona kinachokuja.