Maharagwe ya Jumatatu

Namalwa alimwaga kopo la tatu la maharagwe kwenye ungo, akayatandaza kwa kiganja, akaanza kuchambua ingawa hakujua atampikia nani. Saa tatu asubuhi sufuria kubwa ya chai ilikuwa bado imejaa na mandazi yamepoa kwenye karai. Ile foleni iliyomkera kwa kelele miaka kumi na miwili, nje ya dirisha la kupakulia chakula cha chuo, leo haikuwepo. Wanafunzi walipita wakielekea duka la barabarani, na wale waliozoea kumsalimia "Sasa mathe" kama mama yao ghafla walikuwa na kazi nyingi kwenye simu zao.

Sababu aliijua. Dada yake wa Uthiru alimpigia alfajiri kumuuliza kama ni kweli ameua watoto wa watu. Ndivyo alivyo huyo dada, maneno hapimi. Alikuwa ameona picha: vijana wamelazwa sakafuni na dripu mikononi, sahani ya maharagwe pembeni, na juu yake maandishi, "Mess ya chuo, Mutuini, maharagwe ya Jumatatu." Namalwa mwenyewe hakuwa ameiona. Simu yake ni mulika mwizi: inapiga, inapokea, inamulika, basi. Uthiru nzima ilipata habari za sufuria yake kabla ya mwenye sufuria.

Kabla ya chai, Madam Muthoni, mkuu wa chuo, alikuwa amefika jikoni. Si mtu mbaya. Alisimama mlangoni akamweleza kwamba wazazi wanapiga simu tangu jana, na kwamba akishapika chakula cha leo, apumzike nyumbani kwanza. Namalwa akauliza apumzike mpaka lini. Madam akatazama vidole vyake, akasema wataona, watamwita. Alipokuwa akigeuka aliongeza, kama mtu anayejitetea, "Lisemwalo lipo, Mama Namalwa. Kama halipo, laja."

Kila mfanyakazi wa Nairobi anajua maana ya "tutakuita". Namalwa aliogopa kupoteza kazi, tena aliogopa sana, na kilichomuuma zaidi ni kwamba hakuweza kuapa. Jumatatu mfereji ulikauka, akatumia maji ya tangi la nyuma. Maharagwe yalitokota saa tatu nzima, kwa hayo hakuwa na wasiwasi. Lakini vikombe alivisuuza kwa maji yaleyale bila kuyachemsha, na jana, Jumanne asubuhi, alikuta kifuniko cha tangi kimeanguka chini. Jumanne hiyohiyo mwanafunzi mmoja, Kitavi, na mwenzake waliumwa na tumbo. Walipewa dawa kwenye zahanati, wakarudi darasani wakitaniana. Hakulazwa mtu, wala hakuna aliyewekewa dripu. Hata hivyo wawili ni wawili, na kile kifuniko Namalwa alikirudisha bila kumwambia mtu.

Saa nne darasa la Mwalimu Kilonzo liliingia. Chuo ni kidogo, ukumbi wa kulia ndio huohuo wa kufundishia, kwa hiyo Namalwa, nyuma ya dirisha lake, amesikia masomo mengi kuliko baadhi ya waliohitimu. Kilonzo hufundisha mawasiliano, na wiki hiyo somo lilikuwa habari za mtandaoni. Aliuliza nani amesoma gazeti wiki hii. Mkono mmoja uliinuka, na mwenyewe akakiri kwamba ni lile alilofungiwa viatu dukani. Basi habari wanazipata wapi? Kwa grupu, wakajibu, kwa status, kwa video za watu. Na nani huangalia zimetoka wapi? Hapo walicheka tu.

"Sawa," akasema Kilonzo. "Leo tutajifunza kuchambua habari."

Namalwa akainua kichwa kutoka kwenye ungo.

Mwalimu alikuwa amekuja na mfano wa mbali, kisa cha samaki mkubwa aliyedaiwa kuogelea barabarani nchi fulani baada ya mafuriko. Alilitazama darasa lililokwisha kuchoka kabla hajaanza. Akatazama mandazi yaliyopoa. Kisha akaufunga ule mfano, akamwomba Mukai, kiongozi wa darasa, amtumie ile picha ya jana. Projekta ikaijaza ukutani, na ndipo Namalwa alipoiona kwa mara ya kwanza, kubwa kama mlango wa kanisa.

Kilonzo akauliza nani aliipiga. Ilibainika kwamba wote walitumiwa na Mukai, msimamizi wa grupu lao. Mukai naye alitumiwa na rafiki wa chuo kimoja cha mjini, na huyo rafiki alikuwa ameiona mahali, hakumbuki wapi. Mwalimu akauliza juu ya yale maandishi.

Mukai alichezea kamba ya kitambulisho chake. "Maandishi ni mimi," akasema polepole. "Nilisikia Kitavi ni mgonjwa, halafu hiyo picha ikaingia, nikadhani ni sisi. Nilitaka watu wasikule, mwalimu. Sikuwa na nia mbaya."

Namalwa alimwamini, na kumwamini huko kukamkasirisha zaidi. Alishtukia ametoka jikoni na ungo mkononi, amesimama mbele ya wanafunzi arobaini waliomkwepa asubuhi nzima.

"Mwalimu, umesema kuchambua," akasema. "Hiyo kazi naijua. Niruhusu kidogo."

Kilonzo akampisha. Namalwa alisogea hadi picha ikamwangukia usoni na kwenye aproni, akaweka kidole kwenye ile sahani ya ukutani.

"Hizi ni wairimu, zile nyekundu ndogo. Mimi muhula huu wote nimewapikia njano." Akauinamisha ungo wakaona. "Hiyo sahani ni ya udongo. Hapa mnakula kwa bati, kwa sababu za udongo mlivunja zote. Na huyu aliyepika hakuchambua. Oneni hapo pembeni. Hilo ni jiwe."

Wote wakaliona, jiwe jeupe lililokuwa limekaa wazi kwenye simu zao tangu jana. Kicheko kililipuka, mtu akapiga meza, na Kilonzo mwenyewe akaanza kupiga makofi. Madam Muthoni alivutwa na kelele, akaja akasimama mlangoni. Mukai alikuwa ameinamisha kichwa.

Angeweza kuishia hapo, na mpishi mjanja angerudi jikoni na ushindi wake. Namalwa alitaka kurudi, Mungu anajua. Lakini macho yake yalishuka kwenye ungo, kwenye punje alizozigeuza moja moja asubuhi yote, akajua kwamba hataweza kuwatolea wengine mawe yao akalificha lake. Mficha uchi hazai, alijiambia.

"Picha ni ya uwongo," akasema. "Lakini tumbo la Kitavi lilikuwa la kweli."

Akawaeleza yote: mfereji, vikombe, tangi, kifuniko, na kwamba alinyamaza. Alieleza bila kupamba, akimtazama Madam. Kicheko kilikauka. Madam aliondoka, na kupitia dirishani wakamwona akikanyaga tope na viatu vyake vya ofisi kwenda kulitazama tangi.

Alasiri ofisa wa afya alikuja akajaza chupa mbili za maji, moja ya tangi na moja ya mfereji. Majibu Ijumaa. Madam alimwambia Namalwa aende nyumbani vilevile, ila safari hii alitaja siku ya majibu, tena alimtazama usoni. Namalwa hakujua kama amejiokoa au amejichimbia kaburi. Alijiona mwepesi, na hofu ilikuwa palepale.

Alikuwa akifua aproni Mukai alipobisha mlango wa jikoni. Msichana aliomba msamaha kwa sauti ndogo, kisha akasema ameshaandika kwenye grupu kwamba picha si yao. Ila watu wanamuuliza, je, ni maji au si maji? Aandike nini?

"Wewe unajua?" akauliza Namalwa.

"Sijui."

"Hata mimi sijui. Andika hivyo."

Mukai akaandika. Hakuondoka. Alivuta kigoda, akauweka ungo magotini, akaanza kuchambua yaliyobaki, taratibu, kama mtu anayesoma maandishi madogo. Baada ya muda akainua punje moja iliyosinyaa, nyeusi upande mmoja.

"Mathe, hii ni jiwe ama maharagwe?"

Namalwa akaigeuzageuza. Kusema kweli hakuweza kujua. Mukai akataka kuiuma ajue mara moja, Namalwa akamwambia atavunja jino. Alichota maji yaliyochemshwa kwa glasi, akaitumbukiza.

"Ikifura, ni maharagwe. Ikiyeyuka, ni udongo. Ikikaa hivyo, ni jiwe."

"Inachukua muda gani?"

"Mpaka asubuhi. Mimi sitakuwepo. Utaangalia wewe."

Akaiweka glasi kwenye dirisha la kupakulia, akaanika aproni yake, akachukua kikapu. Simu ya Mukai ilinguruma juu ya meza, ikanguruma tena. Mukai aliigeuza kifudifudi bila kuitazama, akaegemeza kidevu kwenye dirisha, macho usawa wa maji, ambamo ile punje ilikuwa imelala chini, bado haijawa kitu.