Kazi Ambayo Mwenyekiti Hakuipa Alama

Kofi lililoliua sikio la kushoto la Kidoti lilitokana na muziki. Mumewe alimwita jikoni aje asikilize kazi yake mpya, ile ya milima na ukungu. Aliweka kompyuta juu ya meza katikati ya vikombe, akabonyeza, akakunja mikono kifuani kungoja sifa. Picha zilikuwa safi. Mlima mmoja uliyeyuka taratibu ukawa mlima mwingine, na filimbi ikalia juu yake mwanzo hadi mwisho bila kuvuta pumzi.

"Ungepunguza muziki kidogo," Kidoti alisema. "Hapa penye upepo, uache upepo wenyewe."

Mkono hakuuona ukija. Kiganja kilimpata sikioni kikiwa kimekunjwa kama kikombe, kichwa kikajigonga kwenye mlango wa friji, na ndani humo kitu kikapasuka kama mfuko wa karatasi uliojazwa pumzi. Upande mmoja wa dunia ukanyamaza. Alipoinama, damu ilidondoka kwenye vigae. Mumewe alikuwa anarudisha picha nyuma.

"Tuanze tena," alisema. "Safari hii sikiliza vizuri."

Sebuleni, shemeji yake Kidoti aliongeza sauti ya televisheni. Ndivyo alivyofanya siku zote. Alikuwa mdogo wa mume, mtu mzima, mpole mpaka kero, anayeishi kwao tangu alipopoteza kazi. Kadiri kelele za jikoni zilivyozidi, ndivyo mpira wa miguu ulivyonguruma sebuleni. Majirani waliamini kabisa kwamba nyumba ile ina mashabiki wasiojua kushindwa.

Mume mwenyewe alikuwa mtu wa heshima zake. Aliongoza chama cha wapiga picha, tena akawa mwenyekiti wa majaji wa shindano la kimataifa ambalo chama kiliandaa kila mwaka, na cheo hicho kilimganda hivi kwamba hata mama yake mzazi alimwita Mwenyekiti. Halikuwa shindano la picha moja ya kuning'inizwa ukutani. Mshindani alileta picha nyingi za mgando, zikafuatana kwenye skrini, moja ikiyeyukia ndani ya nyingine, zimesukwa pamoja na sauti hadi zikasimulia jambo kwa dakika chache. Kazi zilitoka kila pembe ya dunia. Majaji watatu waliziona kwa mara ya kwanza palepale ukumbini, watazamaji wakiwa nyuma yao, bila jina la mtengenezaji, kisha kila jaji akabonyeza alama zake.

"Kwetu hakuna kujuana," Mwenyekiti alipenda kusema. "Ni kazi na macho tu."

Wachache walikumbuka kwamba aliyemfundisha kushika kamera ni mkewe. Kidoti, aliyeitwa hivyo tangu utotoni kwa sababu ya alama nyeusi chini ya jicho, alikuwa na studio ndogo ya picha za pasipoti. Mwenyekiti aliingia humo siku moja kupigwa picha, akarudi kesho yake kuuliza maswali, akarudi tena hadi wakaoana.

Daktari alimulika sikio, akazima kurunzi yake. "Kiwambo kimechanika vibaya, na ndani pia pameumia. Ulianguka?"

"Nilianguka."

"Ukianguka mara nyingine," daktari alisema bila kumtazama, "njoo mapema."

Kidoti alirudi nyumbani, akapanda juu ya kiti, akaweka kamera yake juu ya kabati la jikoni nyuma ya sufuria kubwa lisilotumika. Lenzi ilichungulia chini, mezani na sakafuni. Aliipanga ipige picha yenyewe mara kwa mara, bila mlio. Kinasa sauti akakificha nyuma ya debe la unga. Wala hakufikiria shindano. Alitaka tu, akija kufa, pabaki kitu cha kusema kwamba hakuanguka.

Kamera iliona mengi. Iliona birika likiinuliwa na maji ya moto yakimwagwa, si usoni, kwenye mkono, mahali ambapo nguo ya mikono mirefu ingefunika. Iliona mguu wa stuli ukishuka juu ya vidole vyake, kisha ukishuka tena. Iliona jino ndani ya sinki, jeupe, na uzi wa damu ukizunguka kuelekea tunduni. Iliona Mwenyekiti akimburuta kwa nywele kutoka pembe moja ya picha hadi nyingine, na katika picha zilizofuata, yeye peke yake amesimama anakula moja kwa moja kutoka kwenye chungu, kwa raha zake.

Asubuhi moja, kanuni mpya za shindano zikiwa mbele yake, Mwenyekiti alizungumza mdomo umejaa mkate. "Mwaka huu nimewaambia, sitaki tena maua na machweo. Mtu aniletee maisha yenyewe. Anitikise."

Kidoti alikuwa amempa mgongo, ameweka kifundo chake cha mkono kilichovimba chini ya bomba la maji baridi. Akafunga bomba.

"Utatikiswa," alisema.

"Unasemaje?"

"Nasema chai imepoa, nikuongezee?"

Kazi yake ya shindano aliitengeneza studioni, kwa picha na sauti za jikoni, kati ya mteja na mteja. Aliiandikisha kwa jina la ukoo wa mama yake. Aliyeambiwa ni mmoja tu, dada yake mkubwa aliyeishi mji mwingine.

"Njoo kwangu kwanza," dada alimwambia kwenye simu. "Hayo mengine baadaye. Atakuua, mdogo wangu."

"Nikija hivi hivi atanifuata, na mtamkaribisha chai."

"Mimi nimkaribishe?"

"Hata wewe, dada. Ulishamkaribisha mara mbili."

Kidoti alimsikia dada analia, kwa sikio lililobaki.

Siku ya shindano ilikuwa Jumamosi mchana. Ukumbi wa chuo ulikuwa umezibwa madirisha kwa mapazia meusi. Mbele, chini ya skrini, meza ya majaji: Mwenyekiti katikati, kulia kwake jaji mgeni aliyekuja kwa ndege, kijana mrefu mwenye ndevu, kushoto kwake Bi Sauti, mwanamke mnene wa makamo aliyefanya kazi redioni maisha yake yote na kusifika kwa kusikia nzi akibadilisha mawazo. Nyuma kabisa, mezani penye projekta na spika, alikaa shemeji. Kibarua hicho alitafutiwa na kaka yake, na alikumbushwa kila siku kwamba alitafutiwa. Kidoti alikaa karibu na njia ya kupita.

Zilipita kazi za barafu, za treni, za bibi mmoja na kuku wake. Watu walipiga makofi, alama zikatokea. Kisha skrini ikaonyesha jiko lisilo na mtu, jua la asubuhi juu ya meza, na maji yakichuruzika.

Wanaume wawili nyuma ya Kidoti waliguna kuridhika. "Huyu anajua mwanga," mmoja alinong'ona.

Mtu akaingia kwenye picha. Kamera ilikuwa juu, kwa hiyo uso haukuonekana, ila utosi: kipara cha mviringo kama kisahani, na nywele zimekizunguka. Mtu huyo akainua mkono. Picha ikayeyuka, na mwanamke alikuwa sakafuni. Kutoka kwenye spika lilitoka pigo, kavu na la karibu, na ukumbi mzima ukashtuka kwa pamoja. Kisha sauti ya kiume, tulivu, ikatoa kauli aliyoirudia kila mara jikoni humo: "Safari hii sikiliza vizuri."

Bi Sauti aligeuza kichwa polepole akamtazama jirani yake. Maneno hayohayo, kwa sauti hiyohiyo, alikuwa ameyasikia asubuhi kwenye kikao cha majaji. Watazamaji wao walikuwa na njia nyingine ya kujua. Mbele yao, chini ya kipara kilichokuwa kwenye skrini, kulikuwa na kipara kingine kilekile, kinang'aa kwa mwanga wa picha.

"Zima," Mwenyekiti alisema. "Kuna hitilafu. Zima!"

Shemeji alishaweka kidole juu ya kitufe. Wakati huohuo, ndani ya mfululizo, nyuma ya kilio cha mwanamke, mpira wa miguu ukaanza kunguruma. Ulipanda, ukapanda tena, hadi mtangazaji akakifunika kilio chote. Shemeji alijisikia mwenyewe akiongeza televisheni. Akaondoa kidole kwenye kitufe, akashika swichi ya spika, akaongeza sauti mpaka mwisho.

Mwenyekiti alipanda njia ya katikati akikimbia. Ngumi ya kwanza ilimvunja mdogo wake pua. Ya pili ilimwangusha pamoja na kiti. Alinyakua stendi ya chuma ya maikrofoni, akamshushia begani, mfupa ukalia, akainua tena.

"Niue," shemeji alisema chini pale, damu imejaa mdomoni. "Sizimi."

Kidoti hakukumbuka kusimama. Alijikuta ameshika mkono ule wenye stendi kwa mikono miwili na kuuma, akauma hadi meno yakakutana na kitu kigumu. Mwenyekiti alipiga ukelele, akamtupa juu ya viti, akamfuata, akamkaba koo. Watu waliduwaa. Spika zilikuwa bado zinapiga, na haikujulikana tena pigo lipi ni la leo na lipi ni la siku nyingine. Kidoti aliona mwanga ukipungua pembeni mwa macho.

Aliyefika kwanza ni Bi Sauti. Alimrukia Mwenyekiti mgongoni kwa uzito wake wote, wakaanguka watatu. Jaji mgeni alipokonya stendi. Ndipo ukumbi ulipoamka. Walewale waliokuwa wakisifu mwanga walimvuta Mwenyekiti kwa miguu hadi kwenye njia, wakaanza. Viatu, miavuli, kiti cha kukunja. Alijikunja akajifunika kichwa, kama Kidoti alivyokuwa akijifunika, na kiti kilipotua kwenye kiwiko, mkono ulivunjika kwa namna iliyosikika.

Kidoti alikaa sakafuni akishika koo lake, anatazama. Aliwaacha. Alisikia raha iliyompanda kutoka tumboni kama joto la chai, na hakuionea aibu. Kisha akamwona kijana mmoja amevua kiatu ili apige vizuri zaidi, huku anacheka. Raha ikamtoka.

"Basi," alisema. Sauti haikutoka. Akasimama, akajiingiza katikati yao, akapigwa kiwiko cha bahati mbaya kwenye shavu. "Basi! Nimesema basi! Ni mume wangu, si ngoma yenu!"

Waliacha, wanahema, wanatazamana. Kwenye skrini mwanamke alikuwa anapiga deki.

Hospitalini, polisi walimlinda Mwenyekiti kitandani, na shemeji alifungwa bega. Bi Sauti, kidevu kimeshonwa, alikaa kando ya Kidoti kwenye benchi la korido, akahamia upande wa kulia bila kuambiwa.

"Kasoro ni moja," alisema. "Sauti yako inaegemea upande mmoja."

"Huu mwingine aliuua."

"Nilikisia. Alama zangu nilibonyeza kabla sijaruka. Ujue tu."

Alama hizo hazikusaidia kitu. Kamati ilikaa, ikaona kwamba kanuni zinakataza jamaa wa jaji kushindana, ikaifuta kazi. Zawadi ikaenda kwa bibi na kuku wake. Kidoti alihamia kwa dada yake, na shemeji akapanga chumba mtaa wa pili, akawa anakuja kula, anakaa kimya, anaosha vyombo vyote kwa mkono mmoja.

Mahakamani, wakili wa Mwenyekiti alisimama na tabasamu la mtu aliyepata tundu. "Mama, picha na sauti hizi ulizihariri, sivyo? Ulikata, ukaunganisha?"

"Nilikata."

"Kwa nini ukate, kama ni ukweli?"

"Shindano lilitaka dakika chache," Kidoti alisema. "Zote ni ndefu sana."

Hakimu aliinua macho. "Hizo zote ziko wapi?"

"Ninazo."

"Zitachezwa."

Mwenyekiti, mkono kwenye plasta, aliangalia sakafu. Kidoti aliomba ruhusa ya kutoka, akapewa. Alipita mbele ya dada yake, na shemeji akainuka akamfuata. Walikaa koridoni kwenye viti vya plastiki. Mlango mzito ulifungwa, lakini baada ya muda sauti za jikoni zilianza kupenya.

"Shemeji," mdogo wa Mwenyekiti alisema, "twende nje kabisa?"

"Twende," Kidoti alisema, akamshika mkono ule usioumia, wakashuka ngazi.