Ubao wa Mama Mkwe

Kuna watu wanaodhani kupamba nyumba ni kuchagua rangi na kutia ua kwenye chupa. Waambie ni kazi, watacheka. Waambie kuna watu wanakula, wanasomesha na kulipa pango la ofisi kwa kazi hiyo, watacheka zaidi, kisha watakuomba uwachoree kidogo tu, maana wewe si unajua tu? Pazia alikuwa amewasikia watu wa namna hiyo kwa miaka kumi na minne, na bado walikuwa wakimpandisha presha.

Jina la Pazia alilipata enzi za cherehani moja, alipokuwa akishona mapazia kwenye kibaraza cha dada yake. Sasa alikuwa na ofisi ya vyumba viwili juu ya duka la dawa, mshonaji wa makochi, seremala wa kudumu, na meza ndefu ambayo rangi yake hakuna aliyeikumbuka kwa wingi wa vipande vya vitambaa. Biashara ilikuwa inalipa, na haikulipa kwa bahati. Ililipa kwa utaratibu wake mmoja ambao wenzake waliuita wazimu: kabla hajachora hata mstari, alikwenda kukaa ndani ya nyumba ya mteja kutwa nzima, anahama kiti hadi kiti, hasemi kitu, anaandika. Funguo zinatupwa wapi. Viatu vinarundikana mlango gani. Nani ana kiti chake, na nani hana pa kukaa. Wateja huanza kwa kujikaza, wamevaa vizuri na wanaitana kwa sauti za upole. Ikifika saa sita mchana wameshamsahau, na nyumba inaanza kusema kweli.

Ndivyo alivyokaa nyumbani kwa Mama Marumaru. Huyu alikuwa mke wa mwenye duka kubwa la vigae, na hakuna pembe ya nyumba yake ambayo haikung'aa, hata pale nyuma pa kufulia nguo. Alitaka sebule na korido zifanywe upya. Akataja rangi aliyoiona kwa jirani, akataja taa ya kuning'inia, akataja zulia. Ambaye hakumtaja hata mara moja ni mama mkwe wake.

Mama mkwe alikuwa akiishi chumba cha mwisho cha korido hiyo hiyo. Macho yalikuwa yanamwacha polepole, amebakiwa na mwanga kidogo wa pembeni. Pazia alimwona saa nne asubuhi akitoka chumbani, mkono wa kushoto unapapasa ukuta, unapita juu ya swichi, unapotea penye mlango wa bafu, unautafuta ukuta tena. Alikuwa anakwenda jikoni kunywa maji. Alichukua dakika tisa kufika, na nyumba nzima hakuna aliyegeuza shingo.

"Shikamoo mama," Pazia alimwamkia alipompita.

"Marahaba. Wewe ndiye uliyekuja kutupamba?"

"Ndiye mimi, mama."

"Mimi usinipambe, mwanangu, hayo yameshanipita. Nipe tu pa kushika."

Kwa hiyo akampa. Alichora sebule kama alivyoombwa, na kwenye korido akachora ubao mrefu wa ukutani, laini, mviringo kwa juu, unaoanzia mlango wa chumba cha mama hadi jikoni. Aliupima kwa kusimama naye bega kwa bega: usawa wa nyonga, mahali mkono unapoangukia wenyewe. Ukuta aliupa rangi ya mwanga na ubao rangi nzito, ili yale macho yaliyobaki yauone. Penye mlango wa bafu ubao uwe na mfuo mmoja wa kuguswa kwa kidole, penye jiko mifuo miwili. Zulia, hapana. Akamwambia mama, "Utashika hapa," akauweka mkono wake palepale ukutani, na mama akapagusa mara mbili tatu kama anayejifunza.

Asiyejua angeuona ule ubao akadhani ni urembo, na Pazia alikusudia iwe hivyo. Hakutaka mama wa watu ageuziwe nyumba yake kuwa wodi. Kila kitu alikiandika pembeni ya mchoro, tena alimweleza Mama Marumaru kwa kinywa chake. Mama Marumaru aliitikia "ee, ee, sawa dada," huku vidole vyake vikijibu ujumbe kwenye simu.

Kisha akaomba abaki na michoro. "Nimwonyeshe baba watoto, nitakupigia."

Katika kazi hii mchoro wa kwanza ni chambo. Mteja akiupenda anatoa malipo ya awali, na kazi inaanza. Seremala, mtu wa maneno machache na yote ya kuchoma, alikuwa ameshamwonya siku nyingi. "Dada, kuna samaki wanaokula chambo na kuiacha ndoano."

Simu haikupigwa wiki ya kwanza wala ya tatu. Wiki ya nne seremala alimletea picha iliyokuwa ikizunguka kwenye simu za watu. Ilikuwa sebule ya Pazia: rangi zake, taa yake, makochi yamepangwa kama alivyoyapanga. Kazi ilikuwa imefanywa na fundi mmoja aitwaye Nusu Bei, na sifa zake zote ziko kwenye jina hilo.

Pazia aliumia. Aliumia sana, na asiyejua maumivu hayo basi hajawahi kupikia watu chungu kikapakuliwa na mwingine. Lakini haikuwa mara ya kwanza, akameza. Kilichokataa kumezeka kilikuja mwezi uliofuata. Daktari wa meno, mdogo wake Mama Marumaru, alikuwa ameshakubaliana naye kwa mdomo ampambie kliniki mpya: ukumbi wa kusubiri na vyumba vitatu, kazi kubwa kuliko zote za mwaka ule. Akapiga simu.

"Dada, naona tusubiri kwanza. Nasikia mama mkwe wa dada yangu ameanguka, kavunjika mkono, kwa sababu ya ule mpango wako wa korido. Sasa mimi wagonjwa wangu wengi ni watu wazima. Unanielewa."

"Mpango wangu?"

"Ndivyo wanavyosema wote. Pole lakini."

Wote. Siku hiyo hiyo mteja mwingine aliahirisha, na kesho yake mwingine. Jina la mpambaji halitembei kwa bango, linatembea kwa midomo ya watu waliokaa sebuleni kwa wenzao, na sasa lilikuwa linatembea limechafuliwa. Miaka kumi na minne ya kukaa kwenye viti vya watu akiandika, leo aitwe mwangusha wazee!

"Ameniibia kuku," Pazia alimwambia seremala kwa ghadhabu, "kamla, halafu anatangaza mji mzima kuwa mchuzi wangu umemharisha! Beba keekee na pimamaji. Tunakwenda."

Walifika Jumamosi saa nne, ili wamkute na mume. Pazia alipiga hodi mara tatu. Mama Marumaru alifungua mlango, akashika kiuno.

"Makubwa! Watu siku hizi wanakuja bila kualikwa?"

"Na michoro ya watu inatumika bila hodi," Pazia alijibu, akapita.

Hakuhitaji kuelezwa kitu. Korido ilikuwa mbele yake. Ubao ulikuwepo, umepakwa vanishi, umetiwa mstari wa dhahabu, umepigwa ukutani usawa wa macho ya mtu mzima aliyesimama. Chini, juu ya vigae vinavyong'aa kama sahani, lilitandazwa zulia jekundu toka mwanzo hadi mwisho. Mama mkwe alikuwa sebuleni kwenye kiti cha pembeni, mkono wa kulia umefungwa plasta.

"Mama, pole sana. Ilikuwaje?"

"Si nilikwenda kushika pale uliponionyesha," mama alisema. "Nikapapasa, hakuna kitu. Nikasema labda ni mbele kidogo. Nikasogea mbele, nikakuta zulia."

Yule mama alikuwa ameliamini neno la Pazia.

Mume wa Mama Marumaru alitoka chumbani akifunga vifungo vya shati. "Dada, sisi hatutaki ugomvi. Mama ameumia na tumenyamaza. Ila ukweli ni kwamba michoro ni yako, jina lako liko pale pembeni."

"Nashukuru umelikiri hilo, shemeji. Lete hiyo michoro usome kilichoandikwa karibu na hilo jina langu."

Ililetwa, imekunjwa kunjwa na kupata madoa ya rangi. Mume akaikunjua mezani, akasoma kwa sauti, kwanza kwa haraka, kisha polepole. "Ubao huu ni wa mama kushika. Usawa wa nyonga yake. Mtu yeyote asiubadilishe. Zulia lisiwekwe." Akatazama korido, akarudi kwenye karatasi, akasoma tena.

"Nani aliupandisha?"

"Nusu Bei alisema urembo ukikaa chini hauonekani," Mama Marumaru alisema. "Mgeni akiingia ataona nini, magoti ya watu? Na mimi nikaona ni kweli, nikamwambia pandisha. Ningejuaje? Nilijua ni urembo!"

"Nilikwambia kwa mdomo wangu," Pazia alisema. "Ulikuwa kwenye simu. Na hukuishia hapo. Ulipoona mama kaanguka, ukaichukua simu hiyo hiyo ukawaambia watu ni mimi."

Mume alikohoa, akapitisha mkono kichwani, akafanya kile wanachofanya watu waliokosea wakiwa na nyumba nzuri. "Basi, dada, yameshapita. Na kwa kuwa umekuja na fundi, si mtushushie tu huo ubao? Ni skrubu chache tu."

Seremala alimtazama Pazia kwa wasiwasi, maana alimjua. Damu ilikuwa imempanda hadi masikioni. Skrubu chache tu! Mchoro ni karatasi tu, kukaa kutwa ni kukaa tu, jina la mtu ni jina tu. Hata hivyo alipofungua kinywa, sauti ilitoka ya chini.

"Utashuka. Nitaushusha kwa ajili ya mama. Lakini kwanza simu. Mpigie mdogo wako, daktari. Weka sauti tusikie sote."

"Mimi?" Mama Marumaru alishangaa. "Nijidhalilishe kwa ajili ya ubao?"

"Piga, mkwe wangu," mama mkwe alisema kutoka pembeni. "Macho ndiyo yaliyoniacha. Masikio bado ninayo, na niliyasikia yote uliyokuwa ukiwaambia."

Hakuna aliyemtazama mwenzake. Mama Marumaru akapiga.

"Ee, mdogo wangu. Nilikuwa nasema, ile habari ya korido, palitokea kutoelewana kidogo kati ya..."

"Hapana," Pazia alisema. "Sema nani aliupandisha."

"Niliupandisha mimi," Mama Marumaru alisema, kwa sauti ndogo ambayo nyumba ile labda haikuwahi kuisikia. "Kwenye mchoro ulikuwa chini. Na zulia nililiweka mimi."

"Alaa!" sauti ya daktari ilijaa sebuleni. "Kumbe? Basi mwambie dada Pazia tuendelee. Aje wiki ijayo anichoree kwanza nione, nikipenda tutazungumza malipo."

Pazia aliinamia simu. "Daktari, wewe humng'oa mtu jino aone kwanza, akipenda ndiyo alipe?"

Daktari alicheka hadi akakohoa. "Nimekuelewa, dada. Njoo na bei yako."

"Na wale wengine utawapigia leo," Pazia alimwambia Mama Marumaru. "Mama atakuwa anasikiliza."

Ndipo seremala akachukua keekee. Pazia alilikunja zulia mwenyewe, akalikabidhi mikononi mwa mume, naye mume akasimama nalo kama amepewa mtoto asiye wake. Mama aliletwa ukutani, akasimama wima, wakapima upya nyonga yake. Skrubu kumi na nne zikatoka juu, zikaingia chini. Seremala akauangalia ubao kwa pimamaji, kisha akachukua patasi akachonga mfuo mmoja penye bafu na miwili penye jiko, akailainisha kwa msasa na kuipuliza vumbi.

"Haya, mama."

Mama akaweka mkono wa kushoto. Ukaangukia palepale. Akaanza kutembea, mwanzo kwa hatua za kitoto, kisha kidole kikapata mfuo wa kwanza, akatikisa kichwa kukubali, akaendelea. Kwenye mifuo miwili alikata kushoto bila kusita. Wakasikia bomba likifunguliwa, glasi ikijaa, mtu akinywa.

"Nimefika," alisema kutoka jikoni.

Mume aligeukia ukutani na zulia lake mikononi, mabega yakimtikisika. Pazia alikuwa ametegemea kwamba hapo hasira ingemtoka. Haikutoka. Alitazama saa ya ukutani: kazi yote ilikuwa imechukua dakika arobaini. Dakika arobaini, na mtu alikuwa amekaa kwenye kiti cha pembeni siku zote hizi na mkono uliovunjika, akisubiri watu wakumbuke kumletea maji. Hasira ikamzidi maradufu.

"Jamani!" Mama Marumaru alisema, amejishika shavu, anatabasamu kwa mara ya kwanza siku ile. "Kumbe kilikuwa kitu kidogo tu!"

"Kidogo hivyo," Pazia alisema, "na ukamnyima."

Akaichukua michoro yake mezani, akapita jikoni kumuaga mama, akatoka.