Mguu wa Kushoto wa Shimba

Mwalimu Ponsian Rugemalira hakuwa mtu wa uongo wa rejareja. Wazungu wa televisheni walipomchukua kutoka chuo cha ualimu cha Butimba awe mshauri wa sayansi wa picha yao ya watu wa kale, siku ya kwanza tu aliwaondolea mahindi kwenye jiko la maigizo. "Miaka elfu mbili iliyopita hapa Magu hakuna aliyeyajua," alisema. Kesho yake akakataa shanga za kioo, keshokutwa yake akakataa chungu cha sokoni. Mzungu mkuu alifurahi mno, maana picha yake ilitakiwa iwe ya kweli tupu, akaahidi kumwandikia barua ya kwenda kusoma Ulaya. Basi Ponsian akavimba kichwa, na nani asingevimba?

Siku ya nne wachimbaji wao wakafukua mifupa ya mtu, kwenye kiwanja kilichoota magugu karibu na ziwa. Mzungu mkuu akaruka kwa furaha: miaka elfu mbili! Ponsian akashuka shimoni na brashi yake. Kati ya mbavu akakuta kifungo cheupe cha plastiki, bado kina uzi wa nailoni, ule wa nyavu. Loo! Tangu lini watu wa kale wakavaa mashati? Akatazama juu, hakuna aliyemwona. Akaiwaza barua, akakitia kifungo mfukoni.

Mchana wakaletwa kina mama wa kijijini kuigiza. Wangesaga ulezi huku nyuma yao mifupa ikitolewa, watu wa kale na mifupa yao katika picha moja. Kija, mjane wa makamo, walikuwa wamemvua kanga na kumfunga ngozi ya mbuzi. Alikuja amejikumbatia kifua kwa aibu. Alipochungulia shimoni, aibu yote ilimtoka.

"Shikamoo, mama," Ponsian alisema.

"Marahaba. Mwalimu, huyu ni mume wangu."

"Hapana, mama. Hawa ni watu wa kale sana."

"Kale gani? Hapa palikuwa kwetu kabla hatujahamishiwa kijijini. Shimba nilimzika mwaka sabini na moja, nyuma ya nyumba. Hebu tazama mguu wa kushoto. Alipigwa teke na ng'ombe wa kulimia, mganga akauunga, ukapinda. Na kifungo cha shati lake nilikishona mwenyewe, kwa uzi wa nyavu. Kitafute, mwanangu, kimo humo."

Ponsian akatazama. Mfupa wa muundi ulikuwa umepinda kweli. Mkono wake mfukoni ulikuwa umekishika kifungo.

"Anasemaje?" aliuliza mzungu mkuu.

"Anasema hapa ni mahali patakatifu pa mababu," Ponsian akatafsiri, kwa Kiingereza safi kabisa.

"Umemwambia?" Kija akauliza.

"Nimemwambia. Igiza kwanza, mama, halafu tutaona."

"Asante, mwanangu. Mungu akuzidishie."

Akaenda kupiga magoti kwenye jiwe la kusagia, kama alivyoelekezwa. Kamera ikaanza. Mifupa ikatolewa mmoja mmoja na kupangwa kwenye sanduku. Ulipotoka ule uliopinda, Kija aliliacha jiwe. Alijitupa chini akimwita mumewe kwa jina, na wenzake wakampokea kilio, kwa kuwa Shimba walimjua.

Mzungu mkuu akasimamisha kamera, amekunja uso.

"Mwalimu, wewe ndiye mtaalamu. Watu wa kale walikuwa wakilia hivi?"

Wote wakamgeukia Ponsian. Hata Kija alinyamaza, uso umejaa vumbi, akidhani sasa ndipo anasemewa. Jamani, lilitakiwa neno moja tu! Angetoa mkono mfukoni, angeufungua, yangeisha. Ponsian akakohoa kidogo.

"Hakuna ushahidi," alisema.

Basi wakamtoa Kija kwenye picha. Sanduku likapigiliwa misumari, likapakiwa kwenye lori la kwenda Mwanza, na kutoka huko kwenda kwao wazungu. Ponsian alikuwa ameshaketi mbele, karibu na dereva, Kija alipokuja mbio, amevaa kanga yake.

"Mwalimu, mbona mnaondoka naye?"

"Wanakwenda kumsafisha, mama. Kesho watamrudisha, azikwe vizuri."

Kija akaushika mkono wake kwa mikono miwili, akapiga goti. Mwanamke wa makamo yule, mbele ya kijana!

"Nisingekuwa na wewe, wangesikia nini hawa? Asubuhi utanikuta hapa hapa, na jembe."

"Sawa, mama," alisema Ponsian, akapandisha kioo.